Mapokezano ya Habari katika Msitu wa Lubutu

Msafiri atokaye Kisangani kwenda Bukavu, baada ya kuuacha Mto Kongo na kupenya msitu mnene mwendo wa kilomita zipatazo 240, hufika Lubutu, mji mdogo wa kaskazini ya Maniema, ambapo barabara ya Walikale huendelea mashariki na njia ya Punia na Kindu huchepuka kusini. Na katika tarehe yote ya nchi hiyo ni nadra kuona jambo lililowashughulisha wenyeji wake Bakumu, na wageni waliokuja kukaa nao, kuliko hili la jinsi neno lililosemwa mahali pamoja litakavyofika mahali pengine, ilhali katikati pana miti, mito na matope. Walikuwako wapiga ngoma, wakaja matarishi, wakaja wenye waya na wenye foni, na sasa wamekuja wenye minara na seva. Na kila mmoja wao, apende asipende, alikutana na adui ambaye hana haja ya kuiba barua wala kuisoma, haja yake ni kuiziba njia tu ili asipite mtu. Adui huyo siku hizi ana elimu yake na wataalamu wake, na mashambulizi yake huitwa mashambulizi ya kunyima huduma. Walakini ni mkongwe, na katika msitu wa Maniema nyayo zake zaonekana bayana kuliko mijini, maana hapa njia ni chache, na azibaye moja aghalabu ameziziba zote.

Chombo cha kwanza kilikuwa ngoma ya gogo, lokole kama waiitavyo watu wa Kisangani: kipande cha mti mgumu kilichochimbwa ndani kwa kupitia ufa mwembamba, mdomo mmoja wa ufa ukitoa sauti ya juu na wa pili sauti ya chini. John Carrington, mmisionari wa Kiingereza aliyefika Yakusu karibu na Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, mwaka 1938, na ambaye kitabu chake juu ya ngoma hizi kilitoka mwaka 1949, alikaa miaka mingi akijifunza kwa Walokele wa Mto Kongo, akabainisha kwamba mpiga ngoma hakutumia alama za siri zilizobuniwa na kukubaliwa, kama zile za simu ya Wazungu, bali aliifuata lugha yenyewe, kwa kuwa lugha zile hutenga maana kwa kupandisha na kushusha sauti. Lakini sauti mbili peke yake ni akali. Neno la mwezi na neno la kuku, katika Kilokele, yana sauti sawasawa, na msikilizaji aliye ng'ambo ya mto angejuaje ni lipi lililopigwa? Basi mpiga ngoma hakuridhika na neno tupu. Aliutaja mwezi pamoja na kuitazama kwake ardhi, akamtaja kuku pamoja na mlio wake, hata ujumbe wa ngoma ukawa mrefu kiasi cha mara nane kuliko ule wa mdomo. Mtu wa haraka ataona huo ni upotevu wa wakati, nami nasema ndiyo iliyokuwa siri ya uimara wake, kwani yale maneno ya ziada ndiyo yaliyouwezesha ujumbe kustahimili upepo, mvua na kelele za mto: sehemu yake ikipotea njiani, iliyosalia yatosha kuleta maana.

Jambo la pili katika ngoma ni namna ya mapokezano. Mlio wa gogo jema, katika utulivu wa alfajiri au wa usiku, ulifika mwendo wa maili sita au saba, na kupita hapo ilikuwa ni juu ya mpiga ngoma wa kijiji kinachofuata kuupokea na kuupeleka mbele. Ujumbe ulianza kwa jina la ngoma la yule anayeitwa, ili wengine wajue kwamba hauwahusu. Na kila mpokeaji alisikiliza kwa masikio yake, akahukumu kwa akili yake kama neno hili lipelekwe mbele, lisimame hapa, au liachwe kwa kuwa ni upuuzi wa watoto waliolichezea gogo. Haikuwako nyumba kuu iliyoulizwa. Mtu aliyetaka kuunyamazisha mtandao huo wote ilimlazimu aende kijiji hadi kijiji, na aliyetaka kuujaza maneno ya uwongo ilimbidi kwanza amdanganye kila mpokeaji kwa nafsi yake, mmoja baada ya mwingine, na wote walikuwa watu wazima.

Zama za misafara zilileta tarishi, mtu mmoja mwenye miguu na barua. Waya wa baharini ulifika Unguja mwaka 1879, na tangu hapo habari za Ulaya hazikungoja tena merikebu. Lakini kutoka pwani hadi Nyangwe na Kasongo, huko Maniema, neno lilitembea kwa miguu, miezi kwa miezi. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana kwa lakabu ya Tippu Tip, alipokubali mwaka 1887 kuwa wali wa Stanley Falls kwa niaba ya Leopold wa Ubelgiji, alijiona amekuwa mtumishi wa dola ambayo amri zake zilimfikia zikiwa zimechakaa. Sitakaa sana hapa, kwa kuwa tarishi hana mengi ya kutufunza katika maudhui haya: mvizie njiani umkamate, na ujumbe umekwisha. Nyangwe na Kasongo zilitwaliwa na majeshi ya Leopold mwaka 1893, na athari iliyodumu ya utawala wa akina Tippu Tip ni Kiswahili, ambacho kilikuja kuwa lugha ya soko na ya migodi.

Wabelgiji walikuja na tadbiri nyingine kabisa. Reli ya kuyakwepa maporomoko, kutoka Stanleyville hadi Ponthierville ambayo leo ni Ubundu, ilianza kazi mwaka 1906, na ile ya Kindu hadi Kongolo mwaka 1911; na kabla ya vita vikuu vya 1914, Robert Goldschmidt, mtaalamu wa Brussels aliyekuwa na himaya ya Mfalme Albert, alikwisha kusimamisha silsila ya vituo vya simu ya upepo tangu mdomo wa mto hadi Katanga, Kindu ikiwa miongoni mwake. Hiyo ilikuwa kazi ya adhama, na asiyekiri hivyo si mwadilifu. Lakini tazama umbo lake. Ngoma zilitandaa kama kijiji kilivyotandaa. Simu ya serikali ilipanda ngazi. Msimamizi wa wilaya aliuliza mkoani, mkoa uliuliza mji mkuu, na jibu likashuka kwa ngazi zile zile, kiasi kwamba askari aliye Lubutu, mwenye macho yake mawili akiona la kufanya, alisubiri ruhusa ya mtu ambaye hajapata kuuona mto anaoulizwa habari zake. Mapema mwaka 1944, katika siku za juhudi za vita ambapo wanavijiji walilazimishwa kutafuta mpira msituni, Bakumu wa Lubutu na Masisi waliinuka chini ya Bushiri, mfuasi wa dhehebu la Kitawala. Uasi ule ulivunjwa kwa bunduki, lakini habari zake zilikuwa zimepita kijiji hadi kijiji bila kuomba kibali cha kituo chochote, na mwanahistoria wa mawasiliano ana haki ya kusimama hapo kidogo na kulinganisha.

Sasa nafika kwenye chombo ambacho watu wa Lubutu, Punia na Kindu walio na umri wangali wakikitaja kwa mapenzi, nacho ni foni: redio ya mawimbi mafupi, waya wake mrefu umetundikwa baina ya miti miwili, betri ya gari mezani, na kipaza sauti cha mkononi chenye kitufe ubavuni. Makampuni ya bati yalikuwa nazo, Symétain iliyoanza katika miaka ya 1930, kisha SOMINKI iliyoyaunganisha makampuni ya Kivu na Maniema mwaka 1976. Mapadre walikuwa nazo, na hospitali kadhalika. Bei ya bati ilipoanguka katika soko la dunia mwaka 1985, na posta ya Zaire ikafifia hata mtu akasahau rangi ya stampu, wafanyabiashara walifungua vyumba vya foni, ambamo mama mwenye mtoto Kisangani na mwenye duka anayengoja ndege ya chumvi na sabuni walikaa kwenye ubao mmoja, wakasikia siri za wenzao kwa sauti ya juu, kisha wakalipa na kwenda zao.

Foni ilikuwa na sheria zake, nazo zilitoka katika tabia ya mawimbi. Mawimbi hayo hupanda, yakagonga tabaka za juu za anga, yakarudi chini mbali sana, na tabaka hizo hubadilika mchana na usiku, hata mahali palipokusikia vizuri asubuhi pasikusikie adhuhuri. Kwa hiyo watu walipeana miadi ya saa. Fauka ya hayo, mawimbi mamoja hutumiwa na wote, na wawili wakisema pamoja hakuna anayefahamika. Mtu akikibonyeza kitufe na kukishikilia, kwa ujinga, kwa ulevi au kwa inda, ameifunga midomo ya nchi nzima kutoka Bukavu hadi Kindu, na hakuvunja mlango wala kuiba chochote. Hilo ndilo shambulio la kunyima huduma katika sura yake iliyo wazi kabisa, na opereta mahodari walikuwa na dawa yake: walikuwa wamekwisha kuafikiana juu ya mawimbi ya pili ya kuhamia pindi ya kwanza yakichafuka, walisema machache, na Kindu isipoisikia Lubutu, opereta wa Punia aliyezisikia zote mbili aliingia kati akalirudia neno. Hakuamriwa na mtu. Alikuwa anajua sauti za wenzake, na sauti ya mgeni anayejifanya mwenzao aliitambua kabla hajamaliza salamu.

Vita vilipokuja, kila jeshi lilizitamani foni. Tingi-Tingi, kilomita chache kutoka Lubutu, ilijaa wakimbizi wa Kirwanda zaidi ya laki moja tangu Desemba 1996 hadi mwisho wa Februari 1997, na kipande cha barabara kuu kikawa uwanja wa ndege; huko msituni zilionekana simu za setilaiti mikononi mwa wageni, na neno la Lubutu likaweza kufika Geneva kabla halijafika Walikale. Msiba wa watu wale una vitabu vyake na una haki ya kusimuliwa peke yake.

Amani ya wasiwasi iliyofuata mwaka 2003 ilileta minara ya simu za mkononi, na baadaye M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, ambazo leo ndizo benki za watu wa msituni. Hapa umbo la ngazi lilirudi kwa nguvu mpya. Mnara hauna hukumu yake. Huchukua sauti na kuirusha, aghalabu kwa setilaiti, mpaka kwenye mitambo iliyoko mbali. Na mtu wa Lubutu anayemtumia jirani yake faranga, ilhali wamekaa chini ya mwembe mmoja, hesabu yao huandikwa katika seva ambayo hakuna yeyote kati yao atakayeiona. Kuwa na kichwa kimoja kuna faida: hesabu ni moja, hazigongani. Lakini mnamo tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ya Kinshasa iliamuru intaneti ikatwe, makampuni yakatii, na nchi nzima ikakaa takriban siku 20 bila huduma hiyo, mpaka yapata tarehe 19 Januari. Ilitosha amri moja kwa makampuni machache. Wataalamu wa mitandao hawapendi kuliweka tukio kama hilo katika fungu la mashambulizi, kwa kuwa mwenye amri ni serikali. Lakini mwenye duka aliyeshindwa kulipa deni lake hakuona ikhtilafu.

Mashambulizi yenyewe, kwa maana ya kitaalamu, yana tarehe fupi na iliyojaa. Mnamo Septemba 1996, Panix, kampuni ndogo ya New York iliyouza huduma ya intaneti, ilielemewa na maombi ya mazungumzo yaliyokuwa hayana mwisho. Kwa itifaki ya intaneti, mashine inayotaka kusema na nyingine hubisha kwanza, hujibiwa, kisha huthibitisha. Na baina ya kujibu na kuthibitishwa, seva humwekea mgeni nafasi katika kumbukumbu yake. Mshambuliaji hubisha mara elfu kwa majina ya kughushi na asithibitishe hata mara moja, akawa kama mtu anayeagiza meza zote za mgahawa kwa majina ya watu wasiokuja, na mwenye njaa wa kweli akafukuzwa mlangoni kwa kuwa pamejaa. Dawa ilipatikana mwezi ule ule: Daniel Bernstein na wenzake walipendekeza seva isiweke nafasi yoyote, bali impe mbishaji namba iliyotungwa kwa hesabu ya siri, na yule atakayerudi na namba hiyo sahihi ndiye akaribishwe. Tuikumbuke dawa hii, maana itarudi. Februari 2000 Yahoo, eBay, CNN na Amazon zilizibwa kwa zamu na kijana wa Kanada ambaye hakuwa ametimiza umri wa kupiga kura. Mwaka 2016 vilikusanywa vyombo vya nyumbani vilivyounganishwa na intaneti, kamera za ulinzi hasa, vikatiwa programu mbaya iliyoitwa Mirai. Na miongoni mwa walioonja makali yake ilikuwa kampuni ya simu ya Lonestar huko Liberia, ambayo mshambuliaji wake, Mwingereza aliyekodiwa na mtu wa kampuni shindani, alihukumiwa London Januari 2019 kifungo cha miezi 32.

Kwetu upande wa mashariki, tukio lililowaamsha wengi ni la Kenya. Mnamo tarehe 27 Julai 2023 jukwaa la eCitizen, ambamo serikali ilikuwa imekusanya huduma zaidi ya 5,000, lilizidiwa na maombi. Malipo ya M-Pesa yakakwama, tiketi za reli zikashindikana kukatwa, watu wakakosa kununua umeme. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuwa ndilo lililofanya. Waziri Eliud Owalo alieleza kwamba hakuna data iliyopotea, na nasadiki kauli yake, walakini haikuwa faraja kwa aliyekaa gizani. Mwaka uliofuata, Oktoba 2024, waendesha mashtaka wa Marekani waliwashtaki ndugu wawili wa Kisudani kwa kuliendesha kundi hilo, wakisema lilifanya mashambulizi zaidi ya 35,000. Katika kisa cha Kenya linalonishughulisha zaidi ni ule uamuzi wa kuziweka huduma zote nyuma ya mlango mmoja, ambao ulifanywa kwa nia njema kabisa, ya kumpunguzia mwananchi foleni na rushwa.

Wakati hayo yakijiri, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford walikuwa wakiligeuza umbo la mitandao yenyewe. Kwa desturi ya awali, kila swichi na kila ruta ilikuwa na hukumu yake ndani, iliyotiwa na kiwanda kilichoiunda, na mwenye kampuni aliyetaka kubadili sharti moja ilimpasa aiendee mashine moja moja, jambo lililochosha na kuzaa makosa. Martin Casado na wenzake, katika kazi yao ya mwaka 2007 waliyoiita Ethane, na Nick McKeown na wenzake, walipotangaza OpenFlow mwaka 2008, waliitenga kazi ya kuamua na kazi ya kuchukua: swichi ibaki mchukuzi, yenye jedwali la maagizo tu, na uamuzi wote uhamie katika programu moja iliyoko kwenye seva, ndiyo kidhibiti. Pakiti, yaani kifurushi cha data, ikifika kwenye swichi na isionekane katika jedwali, swichi humwuliza mkuu wake, naye huleta agizo jipya. Mwaka 2011 iliundwa Open Networking Foundation kuitunza itifaki hiyo, na mwaka 2013 Google walieleza hadharani jinsi walivyounganisha vituo vyao vya dunia nzima kwa mtindo huu. Makampuni ya biashara yalifuata, hususan yenye matawi mengi, kwa kuwa sasa mtu mmoja aliyekaa makao makuu aliweza kuyatawala matawi yote kwa kuandika sharti mara moja.

Msomaji aliyenifuata tangu kwenye simu ya Goldschmidt amekwisha kuliona tatizo. Mtandao huu ni ofisi ya mkoa iliyofufuka, na adui yule wa kale akaijua njia ya kwake mara moja: hana haja ya kuipiga seva anayoichukia, bali huzipelekea swichi pakiti zenye anwani za kubuni, kila moja mpya, kila moja isiyojulikana, na swichi, zikiwa watumishi watiifu, zikaikimbilia kila moja kwa mkuu kuuliza. Hapo vitu vitatu huzidiwa kwa mpigo: kidhibiti, ambacho kina uwezo wenye mpaka, njia baina yake na swichi, na jedwali la swichi, ambalo kumbukumbu yake ni ghali na ina nafasi chache. Mtandao wote hupooza kwa sababu mkuu ana maswali mengi mno.

Lakini haki itendeke: kichwa kimoja pia huona kwa mbali. Kidhibiti hukusanya hesabu za swichi zote, hivyo gharika ikianza katika tawi moja, hujua kabla ya mengine kuguswa, na kwa agizo moja huziamuru zote zimwage pakiti za namna fulani. Ngoma za msituni hazikuweza hilo. Ndiyo maana wataalamu hawakurudi nyuma kuwa kama zamani. Walitafuta namna ya kumrudishia mpokeaji wa njiani sehemu ya hukumu yake bila kumvunja mkuu. Seungwon Shin na wenzake walitoa AVANT-GUARD mwaka 2013, na ndani yake ile dawa ya 1996 ikatiwa katika swichi yenyewe: mbishaji hupewa namba hapo hapo njiani, na ni yule tu aliyethibitisha ndiye ambaye habari zake hufikishwa kwa kidhibiti. Mwaka 2015 ikaja FloodGuard, ambayo wakati wa gharika huyaandaa mapema maagizo yanayoweza kuhitajiwa na kuyapeleka kwa swichi kabla hazijauliza, na pakiti zisizojulikana huziweka kando kwenye ghala, zikapelekwa kwa kidhibiti kidogo kidogo. Kabla ya hapo, mwishoni mwa 2014, ulikwisha kutangazwa ONOS, mfumo wa vidhibiti kadhaa vinavyoshirikiana, kimoja kikifa kingine kikashika kazi. Mwaka huo huo wa 2014 ilichapishwa lugha ya P4 ya kuzifunza swichi kazi mpya, na juu ya msingi huo zikajengwa Poseidon ya 2020 na Jaqen ya 2021, ambamo ulinzi wenyewe hukaa ndani ya swichi. Biashara, hata hivyo, ina hesabu zake: mwaka 2023 Intel, waliokuwa wakiuza vipande vya Tofino vilivyotumiwa sana katika kazi hizo, waliacha kuunda vizazi vipya vyake.

Basi na tulete haya yote chini ya mwembe wa Lubutu. Tuseme mfanyabiashara wa Kindu ana tawi huko, stoo na duka la dawa, na mtandao wake unatawaliwa kwa programu iliyoko Kinshasa au nje ya nchi, na kiungo cha tawi ni setilaiti. Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba ulinzi wowote uliofungwa Lubutu hauwezi kukiokoa kiungo hicho kikijazwa, kwa kuwa takataka zimekwisha kupita katika njia nyembamba kabla hazijafika kwa mlinzi. Kusafisha ni sharti kufanywe juu, kwa mwuza huduma, na ahadi hiyo iandikwe katika mkataba. Ferguson na Senie walieleza tangu Mei 2000 jinsi kila mwuza huduma anavyoweza kuzuia anwani za kughushi zisitoke kwake, nayo ni kazi ndogo ambayo faida yake huonwa na jirani, na labda kwa sababu hiyo si wote walioifanya. Jambo la pili ni kupunguza maswali: tawi la namna hii lina mazungumzo machache yanayojulikana, na malipo, na stoo, na barua, hivyo maagizo yake yaweza kuwekwa yote katika swichi tangu siku ya kwanza, na yasiyojulikana yawekewe kiwango cha kuulizwa kwa sekunde, ziada imwagwe.

Jambo la tatu aghalabu husahauliwa. Itifaki ya OpenFlow yenyewe imeruhusu hali mbili za swichi iliyopoteza sauti ya mkuu wake: katika ya kwanza huendelea na maagizo iliyokwisha kupewa mpaka muda wake uishe, na kila kitu ambacho ingelazimika kukiulizia hukimwaga, katika ya pili, kwa swichi zenye uwezo huo, hujirudia kuwa swichi ya kawaida, ikajifunza na kuamua yenyewe. Uchaguzi hufanywa siku ya kufunga mitambo, na fundi akiwa na haraka huiacha hali iliyowekwa kiwandani. Kwa tawi la Lubutu mimi ningeiweka swichi ya ndani, ile inayounganisha mizani, stoo na kaunta ya dawa, katika hali ya pili, ili kazi ya ndani iendelee hata Kinshasa ikinyamaza siku 20. Na ile inayotazama setilaiti ningeiweka katika ya kwanza, isimpokee mgeni yeyote asiye na agizo, kisha ningekwenda Lubutu mimi mwenyewe, nichomoe waya wa juu mbele ya watumishi, tuone wote ni kipi kinachosimama na ni kipi kinachoendelea.